Uzi: Yale ambayo kucha za mikono huonyesha kuhusu afya na umri

MuuguziMstaafu

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodini kwa miaka 31 na sasa naishi Tanga. Uzi huu umezaliwa na hina. Mwezi wa Shaaban tulimwoza mjukuu wangu, na kama ilivyo ada ya pwani, bibi harusi alipakwa hina mikononi na miguuni, nasi wanawake wa nyumbani tukapakwa kuchani. Hina ikishaingia kwenye ukucha haitoki kwa kuoshwa, bali husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, mpaka sehemu yenye rangi ikakatwa yote. Siku 60 hivi baadaye, Mfunguo Mosi ukielekea ukingoni, mjukuu alikuja kunitembelea, tukaweka mikono yetu sambamba juu ya mkeka. Kwenye kidole gumba chake, sehemu mpya isiyo na rangi ilikuwa imefika nusu ya ukucha. Kwenye changu ilikuwa imepita theluthi kidogo tu. Yeye ana miaka 23, mimi nina 66, na tulipakwa usiku mmoja kutoka bakuli moja.

Tofauti hiyo imewahi kupimwa kwa subira ya ajabu. Daktari mmoja wa Marekani, William Bean, alikuwa akikwaruza alama kwenye ukucha wa kidole gumba chake, pale unapotokea kwenye ngozi, kisha akahesabu siku ambazo alama hiyo ilichukua kufika ncha. Alifanya hivyo kwa miaka 35, na mwaka 1980 akachapisha alichokiona. Alipokuwa na umri wa miaka 32, ukucha wake ulikua milimita 0.123 kwa siku, na alipofika miaka 67 ulikua milimita 0.095. Kwa wastani, kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukucha mzima hubadilika katika muda wa miezi sita hivi, ilhali ule wa dole gumba la mguu huhitaji mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kidole cha kati hutangulia vingine, na mkono unaotumika zaidi huushinda mwenzake kwa kiasi kidogo.

Naanza na mwendo huu kwa sababu ndio ufunguo wa kuzisoma kucha. Ukucha tunaouona ni keratini, yaani protini ngumu, iliyokwisha kufa. Kilicho hai ni shina lake, lililojificha chini ya ngozi, ambalo sehemu yake ndogo huonekana kama mwezi mchanga mweupe, hasa kwenye kidole gumba. Shina hilo linahitaji damu, chakula na utulivu wa mwili. Likikosa kimojawapo, hutengeneza ukucha wenye kasoro, na kasoro hiyo husukumwa mbele polepole hadi ionekane. Kwa hiyo anayetazama kucha zake leo anatazama mambo ya wiki na miezi iliyopita, na mtu anayeamka asubuhi akaona mfereji kwenye ukucha asitafute sababu katika chakula cha jana.

Mfano ulio wazi zaidi ni mifereji ya kukata upana, ambayo daktari Mfaransa Joseph Honoré Simon Beau aliieleza mwaka 1846. Mtu akiugua sana, kwa homa kali ya malaria, kwa surua, kwa homa ya matumbo, au akipata upasuaji mkubwa, shina la ukucha hupunguza kazi au husimama kabisa kwa siku kadhaa. Akipona, ukucha huanza kuota tena na kuacha bonde mahali ulipokatikia. Mfereji ukiwa kwenye kucha zote, tena kwa umbali unaokaribiana, tatizo lilikuwa la mwili mzima. Ukiwa kwenye ukucha mmoja, huenda mlango ulikibana kidole. Pima umbali kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfereji, gawanya kwa milimita 3, kisha ongeza mwezi mmoja hivi kwa sehemu ya ukucha iliyokuwa imefichika, nawe utakaribia sana mwezi wa ugonjwa wenyewe. Nimewahi kufanya hesabu hiyo kwa mama aliyekuwa hakumbuki tarehe alipolazwa mtoto wake, na tulipotafuta karatasi za hospitali tukakuta tumekosea kwa wiki mbili tu. Mfereji wa namna hii hauhitaji dawa, kwani utatoka wenyewe.

Sasa nije kwenye uzee, maana ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu wa rika langu. Mistari myembamba ya kwenda urefu, kutoka kwenye ngozi hadi ncha, ni ya kawaida kabisa kadiri umri unavyosonga. Kucha hupoteza mng'ao, huwa kavu, hupasuka ncha na kutoka tabaka kwa tabaka. Ule mwezi mchanga hupungua, na kwa baadhi ya watu haupatikani tena ila kwenye kidole gumba. Kucha za miguu huwa nene na ngumu, hata mzee akashindwa kuzikata mwenyewe. Hayo hayamaanishi kwamba figo zimechoka wala kwamba damu ni chafu, na inaniuma kuona wazee wakiuziwa chupa za dawa kwa sababu ya mistari ambayo hata daktari anayeziandika dawa anayo vidoleni. Ninachowaomba wenye wazazi wazee ni wawakatie kucha za miguu kwa kikata kucha baada ya kuziloweka kwenye maji ya uvuguvugu, na wasitumie wembe, hasa kama mzazi ana kisukari, kwa kuwa kidonda kidogo cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu.

Kuna badiliko moja ambalo si la uzee, na ndilo lililonifanya niandike kwa urefu hivi. Miaka kadhaa iliyopita fundi seremala jirani yangu alikuja kunitengenezea milango miwili. Alikaa kwangu siku mbili, nami nikakaa barazani nikimtazama anavyoshika randa, nikaisifu kazi yake. Alikuwa akikohoa, akaniambia amekwenda zahanati mara tatu na kila mara amepewa dawa ya maji ya kifua na antibayotiki. Nikamshauri apime kifua kikuu, akapima, hakuwa nacho, na mimi nikaridhika. Miezi mitano baadaye alipopigwa picha ya eksirei katika hospitali kubwa, alikutwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nilipokwenda kumjulia hali, mikono yake ikiwa imelala juu ya shuka, ndipo nilipoona ncha za vidole vyake zilivyovimba kama vichwa vya rungu, kucha zikiwa zimebinuka kama mgongo wa kijiko. Nilimuuliza vimekuwa hivyo tangu lini. Akasema yapata mwaka, akidhani ni kazi ya nyundo, kwa kuwa havikumuuma hata siku moja. Mikono ile ile niliitazama siku mbili nzima na elimu yangu ikiwa kichwani, sikuiona.

Vidole vya rungu vimeandikwa tangu zama za Hippocrates, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na hadi leo baadhi ya madaktari huviita kwa jina lake. Hutokea kwa wenye saratani ya mapafu, wenye usaha wa muda mrefu au makovu mapafuni, wakiwemo baadhi ya waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yaliyoharibika, wenye ambukizo kwenye vali za moyo, watoto waliozaliwa na kasoro za moyo zinazowafanya wawe na rangi ya bluu midomoni, na pengine wenye ini lililosinyaa au uvimbe wa kudumu wa utumbo. Zipo pia familia ambazo vidole vyao viko hivyo kwa kuzaliwa, na hao hawana ugonjwa. Kinachotakiwa kumshtua mtu ni vidole vilivyokuwa vya kawaida vikaanza kubadilika.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Chukua vidole viwili vinavyofanana, kwa mfano vya shahada vya mikono yote miwili, uviweke mgongo kwa mgongo ili kucha zigusane, kisha utazame kwenye mwanga. Kwa mtu wa kawaida, penye mizizi ya kucha hubaki kitundu kidogo chenye pembe nne, kama tiara ya watoto. Kwa mwenye vidole vya rungu kitundu hicho huziba. Aliyetuachia kipimo hiki ni Leo Schamroth, daktari bingwa wa moyo wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1976 alieleza alivyoyaona mabadiliko hayo kwenye vidole vyake mwenyewe alipokuwa akiugua ambukizo la moyo. Kitundu kikiziba, mtu asijiambie kwamba ana saratani. Aende hospitali, aonyeshe vidole, aombe kifua na moyo vichunguzwe.

Badiliko la pili ambalo kwetu lina uzito ni kucha zilizobonyea katikati na kuinuka kingo, hata tone la maji likakaa juu yake lisimwagike. Hiyo ni dalili ya upungufu mkubwa na wa muda mrefu wa madini ya chuma. Katika ukanda wetu njia zake zinajulikana: minyoo ya safura inayonyonya damu matumboni, hedhi nzito ambayo mwanamke ameizoea akaiona ya kawaida, mimba zinazofuatana bila mapumziko, na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kidogo kidogo. Mara nyingi mwanamke huyo huyo hutamani udongo, naye akicheka na wenzake kwamba ni uroho, wakati tamaa hiyo nayo huambatana na upungufu wa chuma. Kwa mwanamume mzee, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, upungufu wa chuma usitibiwe kwa vidonge pekee. Ni lazima itafutwe sehemu inayovuja damu, kwa kuwa saratani ya utumbo huweza kujificha hapo. Watoto wachanga huwa na kucha za miguu zilizobonyea kidogo kwa kawaida tu, na hunyooka wanapokua. Na anayekunywa vidonge vya chuma asivifuatishe na chai, maana chai huzuia chuma kisifyonzwe.

Nipite haraka kwenye kucha nyeupe. Mwaka 1954 Richard Terry, daktari Mwingereza, aliwachunguza wagonjwa 100 wenye ini lililosinyaa akakuta 82 kati yao wana kucha zilizopauka karibu zote, zikibakiza ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia au waridi kwenye ncha. Hali hiyo huonekana pia kwa wenye moyo uliochoka, wenye kisukari na wazee wasio na ugonjwa wowote, kwa hiyo peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Kwa baadhi ya wenye figo zilizoshindwa, nusu ya ukucha iliyo karibu na ngozi huwa nyeupe na nusu ya mbele huwa ya kahawia. Haya ni mambo ambayo daktari huyaweka pamoja na uvimbe wa miguu, rangi ya macho na vipimo vya damu.

Karibuni mchangie, na mwenye swali aulize.

KijanaWaKigamboni

Shikamoo mama. Nimesoma yote. Mimi nina miaka 29, na nina mistari myembamba myeusi ya kwenda urefu kwenye kucha nne za mikono. Rafiki yangu ameniambia ni saratani iliyomuua Bob Marley. Sijalala vizuri kwa siku tatu.

MuuguziMstaafu

Marahaba mwanangu, pole kwa hofu. Kwa watu weusi mistari ya namna hiyo ni jambo la kawaida sana, na huongezeka kwa umri, hata wengi waliovuka miaka 50 wanayo kwenye kidole kimoja au zaidi. Ni rangi ile ile ya ngozi yetu inayotengenezwa kwenye shina la ukucha. Mistari ikiwa kwenye vidole kadhaa, myembamba, yenye rangi moja na kingo zilizonyooka, na ikikaa hivyo miaka yote, haina madhara. Dawa pia huweza kuileta, ikiwemo zidovudini waliyoitumia wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nayo hiyo si sababu ya mtu kuacha dawa zake.

Ni kweli kwamba Bob Marley alipatwa na saratani ya rangi ya ngozi chini ya ukucha wa dole la mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Saratani hiyo ni adimu, lakini kwa watu weusi viganja, nyayo na chini ya kucha ndipo inapopenda kutokea, na kwa kuwa tumeambiwa saratani ya ngozi ni ya wazungu, hugunduliwa ikiwa imechelewa. Kinachotia shaka ni mstari mmoja kwenye kidole kimoja, hasa gumba la mkono au dole kubwa la mguu, unaoanza ukubwani, unaopanuka kuvuka milimita 3, wenye rangi zilizochanganyika, au unaoupasua ukucha. Ukiona weusi umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka, usisubiri hata wiki moja. Nenda kwa daktari bingwa wa ngozi, na kwa walio kaskazini, hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Wewe piga picha za kucha zako leo, weka rula kando yake, urudie baada ya miezi mitatu. Zikifanana, lala usingizi.

MamaLisheMorogoro

Shikamoo dada. Mimi nina madoa meupe madogo kwenye kucha, duka la dawa wakaniuzia vidonge vya kalsiamu na vya biotini. Tena kucha zangu mbili zimeachana na nyama, chini yake pamekuwa peupe, na ngozi ya pembeni imevimba. Wameniambia ni fangasi, ninywe vidonge vya fangasi miezi mitatu.

MuuguziMstaafu

Marahaba mdogo wangu. Madoa madogo meupe karibu kila mara ni alama za kugongwagongwa shina la ukucha, nawe kwa kazi yako ya sufuria na masinia huwezi kukumbuka kila kipigo. Hayaonyeshi kwamba umepungukiwa kalsiamu, na yatatoka kwa kukua. Ukosefu wa biotini, ambayo ni aina ya vitamini, ni nadra kwa anayekula kawaida, na vidonge vyake vyenye kipimo kikubwa vina hatari moja isiyosemwa: huvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na troponini, kile kinachoonyesha kama misuli ya moyo imejeruhiwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2017. Anayevitumia amwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Kuhusu kucha zilizoachana na nyama, mikono yako inakaa majini kutwa nzima, na maji pamoja na sabuni yanatosha kabisa kuzibandua na kuvimbisha ngozi ya pembeni. Fangasi yupo, ni sababu kubwa ya magonjwa ya kucha, lakini yapo magonjwa yanayofanana naye. Ugonjwa wa ngozi wa soriasi hubandua ukucha vile vile, na dalili yake ni vishimo vidogo vidogo juu ya ukucha kama vya kudungwa na sindano. Vidonge vya fangasi ni vya miezi, vina gharama, na baadhi yake huweza kudhuru ini. Kwa hiyo mwombe mtaalamu akwangue unga chini ya ukucha na upelekwe maabara kabla hujameza chochote. Wakati unasubiri, vaa glavu za mpira wakati wa kuosha vyombo, kata fupi sehemu iliyobanduka, na usiichokonoe kwa kijiti, kwa sababu kila uchokonoaji huipanua.

BintiWaLamu

Shikamoo bibi. Mama yangu alilazwa kwa nimonia siku chache baada ya harusi ya kaka yangu. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kilikuwa kikitoa namba za chini, kisha hakitoi kitu, na muuguzi akauliza kama kuchani ni hina au piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba. Kuna uhusiano?

MuuguziMstaafu

Marahaba mjukuu wangu, upo, na muuguzi yule anaijua kazi yake. Kifaa hicho hupitisha mianga miwili kwenye kidole, mwekundu na usioonekana kwa macho, kisha husoma ni kiasi gani cha kila mmoja kimefyonzwa na damu. Hina nyekundu ya majani kwa kawaida haikisumbui sana, lakini hina nyeusi na piko huuzuia mwanga, sawa na rangi nzito za kucha, na kucha za bandia nazo huweza kukikosesha. Namba ya chini inaweza kuwa ya uongo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ile ya kweli inaweza kupuuzwa kwa kudhaniwa ni rangi tu. Kibanio kihamishiwe kwenye ndewe ya sikio ikiwa kifaa kinaruhusu, au kwenye dole la mguu lisilopakwa, au kizungushwe kishike kidole kwa pembeni.

Rangi hizo hufunika kipimo kingine tunachokitegemea sana kwa watoto walioishiwa maji. Hubonyezwa ukucha mpaka nyama ya chini iwe nyeupe, kisha huachiliwa na kuhesabiwa sekunde hadi wekundu urudi. Kwa mtoto mzima wa afya hurudi ndani ya sekunde mbili, na ukizidi sekunde tatu mikono ikiwa ya baridi, damu haizunguki inavyotakiwa na mtoto anahitaji msaada papo hapo. Ndiyo maana mabinti wangu huwapaka watoto hina ya Idd viganjani tu, na mjukuu wangu aliyeolewa, ambaye sasa ni mjamzito, nimemwomba piko lisifike kwenye kucha zake mpaka ajifungue, ili mkunga aone rangi ya damu yake kila anapokwenda kliniki.